Akiba ya Maandiko ya Mwalimu: Jinsi Tulivyochagua Diski ya Nje

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Katika makala haya tungependa kuongeza jambo moja ambalo wahenga hawakuwa na sababu ya kulisema, nalo ni kwamba daftari lenyewe pia hupotea. Siku hizi daftari la mwalimu si la karatasi peke yake. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, nukuu, mitihani ya majaribio, orodha za alama, na picha za zana tulizozichora na kuzichonga, vyote hivyo aghalabu huhifadhiwa ndani ya kompyuta. Mwanachuo anayemaliza mafunzo yake leo huenda akapangiwa shule ambayo haina kompyuta hata moja, lakini si ajabu mwenyewe akawa nayo nyumbani, au akawa na simu inayofanya kazi hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya kuwaeleza wasomaji wetu kosa tulilolifanya, hasara iliyotupata, na njia tuliyoifuata baadaye katika kuchagua diski ya nje, yaani kile chombo kidogo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya ili kitunze nakala za akiba. Hatuandiki kama fundi wa mitambo. Tunaandika kama mwalimu aliyeunguza chungu, ambaye sasa anaeleza moto ulivyokuwa.

Hasara iliyotupata

Kwa miaka sita mfululizo tuliwapa wanachuo wetu zoezi moja kila walipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja alitakiwa kumtafuta mzee katika kijiji alichopangiwa, amwombe amsimulie ngano, amtegee vitendawili, au amweleze michezo ya watoto ya zamani, kisha airekodi sauti yake kwa simu. Madhumuni yalikuwa ya kiualimu. Mwalimu wa madarasa ya chini hawezi kufundisha kusikiliza na kusimulia kwa hadithi tatu zilizomo kitabuni tu. Anahitaji hazina ya hadithi zitokazo katika mazingira ya watoto wake. Waliporudi chuoni wanachuo walituletea sauti hizo, nasi tukazikusanya katika kompyuta yetu ya nyumbani. Zilifika zaidi ya 300.

Kompyuta ilipojaa na kuanza kufanya kazi kwa kujikokota, tulinunua diski ya nje. Hatukuuliza mengi, tulichukua ile iliyokuwa mbele ya macho yetu. Jioni hiyo tulizihamisha sauti zote, tukazifuta katika kompyuta, tukaenda kulala tukiwa na hakika kwamba tumeweka akiba.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Tulichokifanya ni kuhamisha, si kunakili. Kabla ya jioni ile sauti zilikuwa mahali pamoja tu, na baada ya jioni ile zilikuwa vilevile mahali pamoja tu. Tofauti ni kwamba mahali pale papya palikuwa padogo, pepesi, na rahisi kuanguka.

Siku moja diski ilipokuwa ikifanya kazi juu ya meza, mtoto wetu alipita mbio, mguu ukanasa katika waya. Diski ikaanguka sakafuni. Haikupasuka, wala haikuwa na alama yoyote. Lakini tulipoiunganisha tena na kompyuta tulisikia mlio mdogo, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyoishiwa nguvu, na kompyuta ikakataa kuitambua. Tuliipeleka kwa fundi. Aliiweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Mwalimu," alisema, "sindano imegusa sahani. Wako wataalamu wanaofungua vitu hivi katika chumba kisicho na vumbi, lakini hapa mjini hawapo, na gharama yake ni kubwa. Ile nakala nyingine iko wapi?"

Hatukuwa na jibu la kumpa.

Miezi michache baadaye alikuja nyumbani kwetu mwalimu kijana tuliyepata kumfundisha. Wakati wa mazoezi yake alikuwa amepangiwa shule iliyo karibu na kwao, akamrekodi babu yake mzaa mama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, hujambo? Habari za shule?"

"Nzuri, mwalimu. Ila babu ametutoka. Yule niliyemrekodi ile hadithi ya sungura na kisima. Simu yangu ya wakati ule iliibwa. Nimekuja kukuomba ile sauti, tuisikilize nyumbani siku ya arobaini."

Tulimpa pole ya msiba, kisha tukamweleza ukweli. Alinyamaza kwa kitambo, akatazama chini, akasema, "Basi, mwalimu, si neno." Neno hilo la upole lilituumiza kuliko lawama. Mzee yule alikuwa ameuamini mkono wa mjukuu wake, mjukuu akauamini mkono wetu, nasi tukaiacha amana yao iishie katika chombo kimoja kilichowekwa ukingoni mwa meza.

Maana ya akiba

Somo la kwanza tulilojifunza ni kwamba akiba si chombo. Akiba ni nakala ya pili. Mkulima anayeitoa mbegu yake yote katika ghala moja na kuitia katika ghala jingine hajaweka akiba, amehama ghala. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini tumewauliza walimu wengi wenye diski za nje na tumegundua kwamba wengi wao wamefanya kama tulivyofanya sisi. Wamejaza humo vitu ambavyo havipo mahali pengine popote duniani, na bado wanaiita diski hiyo akiba.

Wataalamu wa kazi hii wana kanuni moja iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo huitwa kanuni ya 3-2-1. Maana yake ni hii: kila kitu cha thamani kiwe na nakala 3, nakala hizo ziwe katika vyombo vya namna 2 tofauti, na nakala 1 iwe mbali na nyumba. Sababu ya sehemu ya tatu ni dhahiri. Mwizi achukuaye kompyuta ataichukua na diski iliyo kando yake, na moto hauchagui. Sisi tuliisoma kanuni hii baada ya maji kumwagika. Msomaji anaisoma kabla, naye anayo bahati.

Madhumuni kwanza, chombo baadaye

Tunawafundisha wanachuo kwamba mwalimu hachagui zana kabla ya kuandika madhumuni ya somo. Anayeanza na zana huishia kuonyesha picha nzuri isiyofundisha kitu. Tulipokwenda kutafuta diski ya pili tuliamua kufuata kanuni yetu wenyewe. Kabla ya kwenda dukani tulikaa na karatasi na kalamu, tukajiuliza maswali matatu: tuna nini cha kutunza, ni kikubwa kiasi gani, na kitaongezeka kwa kasi gani?

Ukubwa wa vitu vya kompyuta hupimwa kwa megabaiti, gigabaiti na terabaiti. Kwa hesabu ya watengenezaji wa diski, gigabaiti 1 ni megabaiti 1,000, na terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Tulipopima tulivyokuwa navyo tuliona hivi: maandiko yote ya masomo, ya miaka yote, yalikuwa gigabaiti 6 tu. Picha zilikuwa gigabaiti 70. Sauti mbalimbali zilikuwa gigabaiti 20. Kilichotushangaza ni video. Tulikuwa tumewapiga video wanachuo 40 walipokuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja kwa dakika 30. Kwa simu yetu dakika moja ya video ilichukua karibu megabaiti 130. Kwa hiyo somo moja lilikaribia gigabaiti 4, na masomo yote 40 yalifika gigabaiti 156. Jumla kuu ikawa gigabaiti 252.

Hesabu hii ndogo ilitufungua macho. Kumbe kazi iliyotugharimu jasho kubwa zaidi, yaani maandiko, ndiyo iliyohitaji nafasi ndogo zaidi. Kompyuta yetu ina diski ya ndani ya gigabaiti 500, na kanuni nzuri ya kukisia ni kununua diski ya nje yenye nafasi walau maradufu ya ile ya kompyuta, kwa sababu programu za akiba hutunza pia nakala za zamani za faili lililobadilishwa. Kwa hiyo tuliamua kwamba terabaiti 1 inatutosha. Tusingejua hivyo, muuzaji angetuuzia terabaiti 4 kwa maneno matamu, au tungenunua flashi ndogo kwa ubahili.

Hapa tumwondolee msomaji wasiwasi mmoja. Akiiunganisha diski ya terabaiti 1 na kompyuta inayotumia Windows, ataandikiwa kwamba ina gigabaiti 931 tu. Asidhani ameibiwa. Mtengenezaji huhesabu kwa makundi ya 1,000, na Windows huhesabu kwa makundi ya 1,024. Chombo ni kilekile, vipimo ndivyo viwili, kama kuupima uwanja kwa hatua za mtu mrefu na za mtu mfupi.

Aina za diski

Diski za nje zinazouzwa madukani ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya sahani. Ndani yake mna sahani nyembamba zinazozunguka kwa kasi, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika zile ndogo za kubebeka, na juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea kisichogusa uso wa sahani. Mwanya ulio kati yake ni mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Sasa msomaji ataelewa kwa nini diski yetu ilikufa bila alama nje: ilianguka wakati sahani zinazunguka, na kichwa kikakwaruza. Teknolojia hii si changa. Diski ya kwanza ya namna hii iliyouzwa, iliyotengenezwa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, nayo ilitunza herufi milioni 5 tu. Diski ya terabaiti 1 inayokaa kiganjani leo inatunza mara 200,000 ya hizo.

Aina ya pili huitwa SSD. Hii haina sahani wala kitu chochote kinachozunguka. Hutunza habari kwa chaji za umeme ndani ya vipande vidogo vya elektroniki, kama flashi, ila ni imara na yenye kasi zaidi. Ikianguka kutoka mezani kwa kawaida haidhuriki. Upungufu wake ni wa namna mbili. Kwanza, kwa nafasi ileile bei yake ni kubwa kuliko ya sahani. Pili, haifai kufungiwa kabatini kwa miaka bila kupewa umeme, kwani chaji zake huweza kufifia polepole.

Basi mwalimu achague ipi? Jibu linategemea diski itaishi vipi. Kama itasafiri kila siku ndani ya mkoba, katika basi na pikipiki, SSD inastahili gharama yake. Kama itakaa nyumbani na kutolewa kabatini mara moja kwa wiki, ya sahani inatosha, mradi iwekwe mahali tambarare, mbali na ukingo, na isisogezwe wakati inafanya kazi. Sisi tulichukua mbili: SSD ya terabaiti 1 kwa ajili ya kazi ya kila wiki, na ya sahani ya terabaiti 1 ambayo inakaa mbali na nyumba.

Tahadhari nyingine ni umeme. Diski za sahani zenye umbo kubwa, za inchi 3.5, zina waya wake wa kuchomeka ukutani. Zile ndogo za inchi 2.5 hupata umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, zile ndogo zinafaa zaidi. Zikiunganishwa na kompyuta mpakato yenye betri nzuri, umeme ukikatika kazi huendelea kama kwamba hapakutokea kitu.

Kasi na tundu

Muuzaji atamtajia msomaji maneno ya USB 2.0 na USB 3.0. Hayo ni majina ya vizazi vya tundu na waya wa kuunganishia. Kile cha 3.0, kilichotangazwa mwaka 2008, mara nyingi hutambulikana kwa rangi ya buluu ndani ya tundu. Tofauti yake si ya mapambo. Kwa tundu la zamani, gigabaiti zetu 252 zikipita kwa kasi ya megabaiti 35 kwa sekunde, zinahitaji saa 2. Kwa tundu jipya, diski ya sahani ikienda kwa megabaiti 100 kwa sekunde, zinahitaji dakika 42. Lakini kama kompyuta ya msomaji ina matundu ya zamani tu, diski ya kasi kubwa haitamsaidia, kwa kuwa maji hayapiti kwa wingi kuliko upana wa bomba. Atazame kompyuta yake kwanza, na atazame pia umbo la kichwa cha waya, kwani kompyuta nyingi mpya zina tundu dogo la duara dufu liitwalo USB-C.

Dukani

Katika duka moja muuzaji alituonyesha SSD iliyoandikwa terabaiti 16, yenye bei ndogo kuliko ile ya terabaiti 1 iliyokuwa kando yake.

"Chukua hii, mwalimu," alisema. "Hutajaza maisha yako yote."

Tulimuuliza, "Na kwa nini hii kubwa iwe rahisi kuliko ile ndogo?" Akasema ni mzigo mpya. Tuliirudisha mezani kwa heshima. Vifaa vya namna hiyo vinajulikana duniani kote: ndani mna kadi ndogo iliyofanyiwa hila ili iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mnunuzi hunakili vitu vyake, huona majina yote ya mafaili, na hufurahi. Lakini nafasi halisi ikishajaa, kila kinachoongezwa hupotea au hukifuta kilichotangulia. Hasara hiyo huonekana siku mtu anapohitaji nakala yake, yaani siku mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, bei iliyo chini mno kuliko za wenzake ihesabiwe kuwa onyo. Watengenezaji wakubwa wa diski za sahani waliobaki duniani ni watatu tu, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Kwa hiyo sahani yenye jina lisilojulikana inastahili kuulizwa maswali. Pili, mnunuzi adai risiti na kipindi cha waranti kwa maandishi. Hata hivyo ajue kwamba waranti humrudishia chombo, haimrudishii maandiko. Tatu, chombo kijaribiwe palepale dukani kwa kuunganishwa na kompyuta. Nne, kikifika nyumbani, na kabla ya kukiamini, kijazwe chote na kisomwe tena. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyo. Huiandikia diski mpaka ijae, kisha hukagua kama kila kilichoandikwa kinasomeka. Ni kama mwalimu anavyouliza maswali mwishoni mwa kipindi, badala ya kuridhika kwamba watoto walitikisa vichwa.

Jambo jingine la kukagua ni mfumo ambao diski imefomatiwa kwao. Ule wa zamani uitwao FAT32 haukubali faili moja linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu ya somo hukataliwa. NTFS unafaa kwa Windows. Lakini kompyuta za Apple, kwa kawaida, husoma diski ya NTFS bila kuweza kuandika ndani yake. Mwenye kutumia kompyuta za aina zote mbili atumie exFAT. Kufomati hufuta kila kitu. Kwa hiyo uamuzi huu ufanywe siku ya kwanza, diski ikiwa tupu.

Matumizi baada ya kununua

Diski nzuri isiyotumiwa ni kama ubao usioandikwa. Tumejiwekea Ijumaa jioni kuwa siku ya akiba, na tumeiandika katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Windows ina programu yake ya kunakili iitwayo File History, na kompyuta za Apple zina Time Machine. Zote huchukua yale tu yaliyobadilika tangu mara ya mwisho, kwa hiyo kazi ya wiki humalizika kwa muda wa kunywa chai.

Kazi ikiisha, tunaiamuru kompyuta iiachie diski kwa usalama, tunachomoa waya, na kuifungia kabatini. Hatuiachi ikiwa imeunganishwa. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika kompyuta za nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, ikayafunga mafaili na kudai fidia. Programu za namna hiyo hufunga pia mafaili ya diski iliyounganishwa wakati huo. Diski iliyomo kabatini haifikiwi.

Kila baada ya miezi mitatu tunafanya jaribio: tunachagua mafaili matano bila mpango, tunayarudisha kutoka kwenye akiba, na kuyafungua. Nakala ambayo haijapata kufunguliwa ni tumaini tu. Pia diski zetu zimefungwa kwa nenosiri, maana ndani yake mna alama za wanachuo na sura za watoto wa watu, ambazo si haki yetu kuziacha zianguke mikononi mwa yeyote aokotaye mkoba. Nenosiri hilo limeandikwa katika daftari la karatasi linalokaa mahali pengine.

Ile diski ya sahani inakaa kwa ndugu yetu, mtaa wa pili, nasi huibadilisha yaliyomo kila mwisho wa mwezi. Maandiko yale ya gigabaiti 6 tumeyapeleka pia katika hifadhi ya intaneti. Video hatukuzipeleka, kwa kuwa gharama ya kifurushi ingetumaliza. Hata hivyo mwanachuo asiye na uwezo wa kununua diski asikate tamaa. Maandalio yake ya masomo ni madogo. Flashi mbili za kweli, moja kwake na moja kwa wazazi wake, pamoja na nakala anayojitumia kwa baruapepe, zinamweka katika hali bora kuliko tuliyokuwa nayo sisi wenye diski kubwa.

Darasani

Somo hili laweza kufundishwa hata palipo na chaki tu. Tumelijaribu na wanachuo kwa njia ifuatayo. Kila mmoja aliandika katika karatasi vitu vitano alivyo navyo katika simu au kompyuta ambavyo, vikipotea, havinunuliki. Kisha, mbele ya kila kitu, aliandika mahali pengine kilipo. Hatukutoa maelezo yoyote kabla. Ukimya ulioingia darasani walipofika kwenye safu ya pili ulifundisha kuliko mhadhara wetu wa saa nzima. Mwanachuo mmoja aliomba ruhusa ya kutoka nje, akarudi baada ya dakika kumi. Alikuwa amekwenda kumtumia dada yake picha za mama yao.

Tumewaandikia wanachuo wetu wa zamani tukiwaomba watutumie tena sauti walizorekodi, kama bado wanazo. Mpaka tunapoandika makala haya tumepokea 41. Ile ya babu na hadithi ya kisima haimo. Yule mwalimu kijana ameisimulia mwenyewe mbele ya simu, jinsi anavyoikumbuka, akatuletea. Alituonya kwamba babu alikuwa na mahali pa kuimba katikati ya hadithi, naye wimbo ule ameusahau. Tumeiweka sauti yake mahali patatu.